Sura ya Sita: Mwanga wa Kiasi Gani?

Korosho ya Nakapanya, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, humkaa mkulima mgongoni kabla haijafika ghalani. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane hubeba mashine ya kupulizia salfa, injini ikimtetemesha mabega, akapita chini ya mikorosho kuzuia ubwiri unga. Kuanzia Oktoba hurudi shambani kuinama, kuokota korosho zilizoanguka na kuzinyofoa kwenye mabibo, moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Katikati kuna palizi ya jembe la mkono, na kuna ufuta na mbaazi visivyojua kwamba mwenye shamba ameshachoka. Maumivu ya kiuno, goti na shingo hayahesabiwi kuwa ugonjwa huko. Ni sehemu ya kazi, na dawa yake ni vidonge vya diklofenaki au paracetamol vya duka la karibu. Siku hizi lami imetoka Mangaka, zaidi kidogo ya kilomita 70 hadi Nakapanya, ikaendelea hadi Tunduru mjini, na pamoja na lami kuna simu. Kwenye simu hiyo mkulima huonyeshwa mkanda wa taa nyekundu wa kufunga kiunoni, kalamu ya leza ya kuelekeza gotini, paneli ya kusimama mbele yake dakika 10 kila siku. Ahadi ni moja: maumivu yataondoka, usingizi utakuja, mwili utakuwa mpya.

Wasomi wengi wa mjini wakisikia ahadi hiyo hucheka na kuiweka fungu moja na maji ya kuombewa. Wanakosea. Mwanga unatibu, na unatibu magonjwa ambayo hakuna anayebisha. Lakini muuzaji naye anakosea, tena kosa lake ni zito zaidi, kwa sababu anauza mwanga kana kwamba mwanga wote ni mmoja. Hoja ya sura hii ni kwamba historia nzima ya vifaa vya tiba ya mwanga, tangu Denmark ya karne ya 19 hadi wodi za watoto wachanga za Afrika, inaelekea upande mmoja: kilichotenganisha tiba na kiini macho kilikuwa kipimo, si uzuri wa taa wala usahihi wa nadharia. Tunaweza kutibu bila kujua kwa nini mwanga unafanya kazi. Hatuwezi kutibu bila kujua ni mwanga wa aina gani, kiasi gani, kwa muda gani.

Niels Finsen, daktari wa Copenhagen aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903, ni shahidi mzuri wa sehemu ya kwanza ya hoja hiyo. Alitibu kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila pua na mashavu ya watu na kuwafungia ndani kwa aibu. Taa yake ilikuwa ya tao la kaboni, mwanga ukipitishwa kwenye mirija yenye lenzi na kupozwa kwa maji ili usiunguze. Muuguzi alikandamiza lenzi kwenye ngozi ya mgonjwa ili kusukuma damu pembeni, kwa kuwa damu hunyonya mwanga, akakaa hivyo kwa saa nzima akitibu eneo dogo tu. Kesho yake aliendelea na eneo la jirani, na kazi ikachukua miezi. Wengi walipona. Finsen aliamini kwamba miale ya urujuanimno iliua bakteria moja kwa moja, na vitabu vikafundisha hivyo kwa karibu miaka 100. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walizipima upya taa na lenzi zake zilizohifadhiwa, wakakuta kwamba miale mifupi ya urujuanimno aliyoitegemea ilikuwa ikizuiwa na vifaa vyake mwenyewe. Maelezo yenye mantiki zaidi ni kwamba bakteria wale wana kemikali za jamii ya pofirini, zinazopigwa na mwanga wa mawimbi marefu kidogo zikazalisha oksijeni kali inayowaua. Nadharia ilikuwa na kasoro; tiba ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi kwa sababu Finsen hakuwa mtu wa kubahatisha: taa ileile, umbali uleule, muda uleule, mgonjwa baada ya mgonjwa, na kumbukumbu zilizoandikwa.

Shahidi wa pili ni wa kuchekesha kidogo. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na haukupita muda madaktari wa Boston wakaanza kuunguzia uvimbe wa saratani kwa leza ya kito cha rubi. Endre Mester, daktari wa upasuaji wa Budapest, alitaka kurudia kazi hiyo kwa panya. Aliwanyoa, akawamulika, uvimbe haukufa. Kilichotokea ni kwamba manyoya ya panya waliomulikwa yaliota haraka kuliko ya wenzao, na vidonda vikapona upesi. Leza yake ilikuwa na sehemu ndogo tu ya nguvu aliyoidhania. Kwa maneno mengine, fani nzima ya kutumia mwanga hafifu kuponya, inayoitwa leo fotobaiomodulesheni, ilizaliwa mwaka 1967 kutokana na kosa la kipimo. Mwanga uleule ukiwa mkali unaua tishu, ukiwa hafifu unaichangamsha, na ukiwa hafifu zaidi haufanyi lolote. Anayesahau chimbuko hilo hawezi kuelewa ugomvi wote uliofuata.

Leza zilikuwa ghali na zilihitaji mtaalamu. Mlango wa biashara ulifunguliwa na taa za LED. Katika miaka ya 1990 shirika la anga la Marekani, NASA, lilifadhili taa nyekundu za LED za kukuzia mimea angani, na daktari Harry Whelan wa Wisconsin akaanza kuzijaribu kwenye vidonda na kwenye midomo ya watoto waliopandikizwa uboho. Kutoka hapo, neno NASA limebandikwa kwenye matangazo ya taa ambazo hazina uhusiano wowote na utafiti ule. Kilicho cha kweli katika hadithi hiyo ni kwamba taa ndogo, isiyo na joto kubwa, inayotumia umeme kidogo kiasi cha kutosheka na betri au paneli ndogo ya sola, inaweza kutoa mwanga wa rangi maalumu kwa uthabiti. Kwa kijiji ambacho umeme hukatika, hilo si jambo dogo.

Sasa tuangalie kipimo chenyewe, maana ndipo mambo yote yanapofungamana. Mambo matatu yanatosha kwa kuanzia. La kwanza ni urefu wa wimbi, unaohesabiwa kwa nanometa: mwekundu unaoonekana uko karibu na 630 hadi 660, na infraredi isiyoonekana na jicho, inayopenya ndani zaidi, iko kati ya 780 na 905 hivi. La pili ni nguvu inayoifikia ngozi, kwa miliwati. La tatu ni muda. Ukizidisha nguvu kwa sekunde unapata jouli, na jouli ndiyo dozi. Leza ya miliwati 100 ikishikwa gotini kwa sekunde 40 inatoa jouli 4. Paneli inayofikisha miliwati 50 kwa kila sentimita ya mraba, ukisimama mbele yake dakika 10, inamwaga jouli 30 kwenye kila sentimita hiyo, lakini ukirudi nyuma hatua moja hesabu inabadilika kabisa, na ukivaa shati inabadilika tena. Kifaa kinachouzwa bila namba hizi ni sawa na pakiti ya vidonge isiyoandikwa miligramu: huenda ndani mna dawa, huenda mna unga, na hata kama ni dawa hujui umeze kimoja au kumi.

Kwa nini mwanga huo upunguze maumivu? Maelezo yanayotajwa sana yanahusu mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, ambamo kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidasi hunyonya mwanga mwekundu na wa infraredi. Mtafiti wa Urusi Tiina Karu ndiye aliyeitetea nadharia hiyo kwa miaka mingi. Wapo wanaoipinga. Kuna pia majaribio ya maabara ya mwaka 2007 yaliyoonyesha kwamba infraredi ya nanometa 830 inapunguza kasi ya usafirishaji ndani ya nyuzi za neva za panya, jambo linaloweza kueleza ganzi ya muda. Yote yanavutia. Finsen ametufundisha tusiyangoje yakamilike.

Ushahidi wa wagonjwa ndio wenye uzito, na hapa unakuta picha isiyolingana. Mapitio yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2009, yakiongozwa na Roberta Chow wa Australia, yalikusanya majaribio 16 yenye wagonjwa 820 wa maumivu ya shingo, yakaona nafuu ya wazi mara baada ya tiba na kwa wiki kadhaa baadaye. Mwaka uliotangulia, mapitio ya Cochrane kuhusu maumivu ya kiuno yalikuta majaribio 7 tu, madogo na yasiyofanana, yakasema ushahidi hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Kwa goti lililosagika, mapitio ya mwaka 2015 hayakuona faida; ya mwaka 2019 katika BMJ Open, yenye majaribio 22 na wagonjwa zaidi ya 1,000, yaliiona. Ugonjwa mmoja, goti moja, majibu mawili. Mtu asiye na subira atasema wanasayansi hawajui wanachosema. Ukiyasoma kwa makini utaona kwamba mapitio ya 2019 yaliyatenga majaribio kwa dozi. Yale yaliyotumia jouli 4 hadi 8 kwa kila nukta kwa mwanga wa nanometa 785 hadi 860, au jouli 1 hadi 3 kwa nanometa 904, yalipunguza maumivu. Yale yaliyotumia pungufu hayakufanya kitu cha maana. Ukiyachanganya yote kwenye chungu kimoja, nafuu ya hawa inamezwa na kutofaulu kwa wale.

Mpinzani makini atasema huo ni ujanja wa kitakwimu: ukigawa takwimu vya kutosha, utapata kundi linalokupendeza. Ni pingamizi la kuheshimiwa. Sehemu ya jibu ni kwamba mipaka ya dozi hizo haikubuniwa baada ya kuona matokeo. Chama cha Dunia cha Tiba ya Leza kilikuwa kimeshaichapisha. Sehemu nyingine ya jibu haipendezi: baadhi ya waandishi wa mapitio hayo, watu wa Chuo Kikuu cha Bergen, ndio haohao walioshiriki kuandaa dozi za chama hicho. Huo si ulaghai, lakini ni sababu ya kutaka wengine, wasio na hisa ya kielimu katika jambo hili, walirudie jaribio. Mimi nasoma ushahidi wa goti na shingo hivi: unatosha kumruhusu mtaalamu wa fiziotherapia mwenye kifaa kilichopimwa kukitumia pamoja na mazoezi, hautoshi kumruhusu mtu kuuza mkanda kwa mgonjwa wa kiuno aliye peke yake nyumbani.

Kuna mahali ambapo ushahidi wa maumivu ni imara zaidi, na cha ajabu ni kwamba matangazo hayapataji. Mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo anayepigwa mionzi hutokwa na vidonda mdomoni na kooni kiasi cha kushindwa kumeza mate. Wengine hukatiza tiba kwa sababu hiyo. Leza hafifu ikitumiwa mdomoni kabla na wakati wa mionzi huzuia au kupunguza vidonda hivyo, na taasisi ya NICE ya Uingereza, inayojulikana kwa ubahili wake wa kusema ndiyo, iliikubali mwaka 2018. Mtu wa Nakapanya mwenye saratani ya aina hiyo huenda akapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, akae huko majuma mengi. Kama nchi hii ingetaka kuweka leza ya kwanza ya kupunguza maumivu mahali ambapo itarudisha gharama yake, ningeiweka hapo kabla ya kuifikiria kliniki yoyote ya urembo Masaki au Mikocheni.

Lakini dozi iliyoandikwa Bergen haihamii Tunduru bila kuulizwa. Melanini hunyonya mwanga. Ni kidogo kwenye infraredi kuliko kwenye nyekundu, na kidogo zaidi kwenye 904 kuliko kwenye 810, lakini inanyonya. Watafiti waliopima joto la ngozi chini ya leza ya nanometa 810 waliona kwamba ngozi nyeusi inapata moto zaidi kuliko nyeupe kwa dozi ileile. Matokeo yake ni mawili, yote mabaya: nishati kidogo inafika kwenye kiungo, na nyingi inabaki juu ikichoma. Dunia ilipata somo la namna hii mwaka 2020, wakati wa UVIKO, pale jarida la New England lilipoonyesha kwamba vifaa vya kubana kidole kupima oksijeni, ambavyo navyo hutumia mwanga mwekundu na infraredi, vilikuwa vikiwapa wagonjwa weusi namba za kutia moyo kuliko hali halisi. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo kadhaa. Basi anayeleta taa ya maumivu Ruvuma ana wajibu wa kuonyesha dozi iliyopimwa kwenye ngozi ya watu wa Ruvuma, au angalau ngozi inayofanana nayo.

Hadi hapa msomaji anaweza kuona kwamba nadai mambo mengi mno kwa ajili ya taa. Jibu langu ni manjano ya watoto wachanga, kwa sababu huko tayari tumeona maana ya kudai na maana ya kutodai. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa vichanga nje wapate hewa na jua. Siku moja alimwonyesha daktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa kipande kimoja cha pembetatu kilichobaki na manjano iliyokolea. Kipande hicho kilikuwa kimefunikwa na pembe ya shuka. Baadaye chupa ya damu iliyosahauliwa dirishani juani ikaonyesha bilirubini pungufu kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Cremer wa hospitali hiyo na wenzake wakatengeneza kitanda chenye taa za buluu, wakachapisha matokeo mwaka 1958. Mwanga wa buluu, karibu na nanometa 460, hubadilisha umbo la bilirubini ili mwili uitoe bila kusubiri ini lipevuke. Bilirubini ikiachwa ipande hupenya kwenye ubongo, na mtoto anayebaki hai huweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo.

Tiba hiyo sasa iko kila mahali, na ndiyo maana inafaa kuichunguza. Taa za buluu za mirija hupoteza nguvu ya matibabu baada ya saa elfu chache za kuwaka, ilhali machoni zinaendelea kuonekana buluu na kung'aa kama zilivyokuwa. Muuguzi wa zamu ya usiku anawasha, anaona buluu, anaandika kwenye faili kwamba mtoto yuko chini ya taa. Taa ikiinuliwa juu kidogo ili mama apate nafasi ya kunyonyesha, isirudishwe, nguvu inashuka tena. Vumbi kwenye kava, mrija mmoja uliokufa ukabadilishwa kwa taa nyeupe ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo stoo, na hesabu imeharibika. Kiwango cha tiba kali ni angalau mikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanometa. Hata 10 hivi ndiyo ya kuanzia. Watafiti waliozunguka hospitali za rufaa za Nigeria wakiwa na kipima mwanga waliripoti mwaka 2011 kwamba sehemu kubwa kabisa ya taa walizozipima hazikufikia hata hiyo 10. Watoto walikuwa wamelazwa chini ya mapambo. Hakuna mtu aliyedanganya, hakuna aliyezembea kwa makusudi. Kilichokosekana ni kifaa kidogo cha kushika mkononi kinachosoma namba.

Linganisha na kilichofanyika nchini humohumo walipoamua kupima. Tina Slusher, Bolajoko Olusanya na wenzao walijenga vibanda vilivyoezekwa karatasi ya plastiki, ile ya kubandika kwenye vioo vya magari na majengo, iliyochaguliwa kwa vipimo ili izuie urujuanimno na sehemu kubwa ya infraredi lakini ipitishe buluu. Mama alikaa ndani na mtoto wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yanasema jua lililochujwa lilifanya kazi katika asilimia 93 ya siku za matibabu zilizoweza kutathminiwa, taa za kawaida asilimia 90. Ni jua lilelile ambalo mama zetu hushauriwa kuwaanikia watoto asubuhi, ushauri ambao ukitolewa bila kipimo humpa mtoto mwanga kidogo mno au humchoma na kumpoza kwa zamu. Tofauti kati ya kibanda cha Lagos na kuanika mtoto uani ni kwamba kibandani kulikuwa na mtu anayesoma kipima mwanga na kipimajoto kila saa, na anayejua aseme lini mtoto atolewe. Teknolojia ya bei kubwa haikuhitajika. Namba zilihitajika.

Wengine watasema manjano na maumivu havilingani: bilirubini inapimwa kwa damu, maumivu yanapimwa kwa maneno ya mgonjwa, kama mkulima anasema amepata nafuu, nani wa kumbishia? Simbishii nafuu yake. Nabisha kwamba imetoka kwenye taa. Maumivu ya kiuno hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hununua mkanda siku yanapokuwa kileleni. Wiki mbili baadaye yangeshuka hata kama angefunga kitenge. Kwa bahati nzuri infraredi inatupa njia safi ya kujua, kwa kuwa haionekani: unaweza kumpa mgonjwa kifaa kilichozimwa na kingine kinachofanya kazi, visitofautiane kwa macho wala kwa joto. Majaribio mazuri yalifanywa hivyo. Na sifa hiyohiyo ndiyo inayomsaidia tapeli. Fundi wa redio hujua kwamba rimoti ya televisheni ikielekezwa kwenye kamera ya simu huonyesha nukta ya zambarau. Mnunuzi anaweza kukijaribu kifaa chake vivyo hivyo. Ataambulia kujua kinawaka. Kinatoa miliwati 5 au 500, kamera haisemi.

Pingamizi jingine ni kwamba mwanga haudhuru, basi watu waachwe wanunue. Jicho linadhurika, hasa kwa leza isiyoonekana ambayo haikufanyi upepese. Lakini madhara makubwa zaidi ni ya kuchelewa. Maumivu ya mgongo yanayokesha na mtu, yakiandamana na homa za jioni na kukonda, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kila mwezi unaopotea mbele ya taa nyekundu ni mwezi wa pingili kuliwa. Fedha nazo ni madhara. Malipo ya korosho huingia kwa msimu, na anayeyatumia kwenye mkanda huenda asiwe na nauli ya kwenda Tunduru mjini wakati dalili zimebadilika.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kungoja. Tangu Rochford ichapishe hadi jaribio kubwa la Jerold Lucey huko Vermont kuifanya Marekani ikubali, ilipita miaka 10, hadi 1968. Katika miaka hiyo kuna watoto walioharibika ubongo huku tiba ikiwa imeshaandikwa. Anayedai ushahidi ana deni kwa watoto hao, na sioni njia ya kulikwepa. Ninachoweza kusema ni kwamba kudai kipimo kwenye kifaa si sawa na kudai jaribio jipya la miaka 10. Kipimo cha mwanga kinachukua dakika chache. Mtengenezaji mwaminifu tayari anacho. Asiyekuwa nacho ndiye anayelalamika kwamba anacheleweshwa.

Sheria ipo, lakini ina upenyo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, huvigawa vifaa tiba katika madaraja manne kwa kadiri ya hatari yake, A hadi D. Muuzaji anayeandika kwamba taa yake inatibu maumivu ya viungo anaingia humo. Anayeandika kwamba inaleta ustawi, utulivu na ngozi nzuri anaweza kudai kwamba yeye hauzi kifaa tiba hata kidogo. Marekani nayo si mwalimu wa kufuatwa kwa upofu: taa nyingi za huko zinazojivunia kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, zilipitishwa kama taa za kupasha joto, kwa kuonyesha tu kwamba zinafanana na taa za joto zilizotangulia. Kibali cha namna hiyo kinasema ngozi itapata joto. Hakisemi lolote kuhusu goti.

Ruvuma ina sababu ya kujiamini katika jambo hili. Mwaka 2003 mkoa huu ndio uliochaguliwa kuwa wa majaribio ya Duka la Dawa Muhimu, mpango uliochukua maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yakiuza chochote kwa yeyote, ukawafundisha wauzaji, ukawapa orodha ya dawa wanazoruhusiwa, ukaweka wakaguzi wa karibu. Wapo waliosema wakati ule kwamba kijijini hakuna wa kufuata masharti. Mpango ulifanya kazi vya kutosha kuenezwa nchi nzima, na leo duka ambako mkulima wa Nakapanya hununua diklofenaki yake ni zao la jaribio hilo. Njia hiyohiyo inaweza kutumika kwa taa, tena kwa urahisi, kwa kuwa wauzaji wanaotambulika wapo tayari. Sharti la kwanza liwe maandishi ya Kiswahili kwenye boksi: nanometa, miliwati kwa sentimita ya mraba kwa umbali uliotajwa, muda wa matumizi. La pili liwe kwamba neno ustawi halimwondolei muuzaji wajibu huo kama picha kwenye boksi inaonyesha mtu ameshika kiuno.

Kipima mwanga chenyewe kianzie upande wa watoto. Mpango wa NEST360, unaoshirikisha Taasisi ya Afya Ifakara kwa upande wa Tanzania, umekuwa ukipeleka kwenye hospitali kadhaa taa za buluu zikiandamana na vipima mwanga na mafunzo ya mafundi, na huo ndio mpangilio sahihi. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Songea, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nakapanya, na mtoto aliyekolea manjano hawezi kuingoja safari hiyo. Kwa hiyo taa lazima iwe wilayani, na fundi sanifu wa vifaa tiba aipitie kila robo mwaka akiwa na kipima mwanga kimoja cha mkoa mzima: Mbinga, Nyasa, Namtumbo, Tunduru. Kila kituo kibandike namba iliyosomwa pembeni ya taa, na tarehe yake, ili muuguzi wa usiku asiyalazimishe macho yake yafanye kazi ambayo macho hayaiwezi. Kipima mwanga cha buluu hakitasoma leza ya infraredi ya goti. Hiyo inahitaji kingine, na cha pili kinunuliwe siku ambayo kuna mtaalamu wa fiziotherapia wa kukitumia na jaribio la kueleweka la kukifanyia kazi, pengine kwa wakulima haohao wa korosho, nje ya msimu wa salfa.